Chakula cha Mwali

Tulipomwosha Shangazi Tausi mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, tulikuwa wanawake wanne chumbani, na wawili wangetosha. Sukari ilikuwa imemla kwa miaka sita. Huyu ndiye mwanamke ambaye zamani akipita sokoni Ujiji watu walimpisha, si kwa woga, ila kwa sababu njia yenyewe haikutosha, naye alilijua hilo na akalifurahia. Sasa nilimwinua mabega peke yangu ili mwenzangu apitishe maji. Nje, chini ya turubai, niliwasikia wanawake wa msibani wakizungumza. "Alikuwa na mwili wake, jamani." "Mh! Ungemwona enzi zile, mkono huu hivi!" "Maradhi hayana adabu." Hakuna aliyetaja sala zake, wala ulimi wake, na Mungu anajua alikuwa nao. Walimlilia unene. Nami, Mungu anisamehe, nikajikuta nimezungusha kidole gumba na cha kati kwenye mkono wa maiti, juu ya kiwiko, kuona kama vinakutana. Vilikutana vikapitana. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyonifundisha kumpima mwanamke, na mkono wangu haukungoja ruhusa.

Mimi sasa ni bibi mwenye wajukuu, na bado siwezi kumsalimia mtu bila kumkagua. Mgeni hajaketi nimeshamwambia umenawiri, au umepungua, una nini? Binti yangu anayekaa Gungu ana mzani mdogo chini ya kitanda. Anaupanda kila asubuhi kama anayekwenda kusikiliza hukumu, na sahani yake ya jioni ina majani mengi kuliko chakula. Tunagombana sana juu ya sahani hiyo. Yeye anauogopa unene, mimi naogopa mifupa, na ukitutazama vizuri wote wawili tunakula kwa hofu. Anadhani hofu yangu ni ushamba. Sijawahi kumweleza ilikotoka, kwa sababu nikimweleza itanibidi niseme na jambo nililolifanya.

Ni la mwaka ule wakimbizi walipojaa Kigoma. Watu walivuka ziwa kwa maboti kutoka ng'ambo, wengine waliingia kwa miguu kutoka Burundi, na malori yakawa yanawapandisha kambini upande wa Kasulu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na moyoni nautaka ualimu. Shangazi, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa na lake. Mchumba alishapatikana, mtoto wa mfanyabiashara wa dagaa, mahari ilishazungumzwa, na mimi nikawekwa ndani. Katika nyumba yetu kuwekwa ndani kulikuwa na mafunzo yake, lakini kazi kubwa ilikuwa moja: kunenepeshwa. Nilipewa chumba cha nyuma chenye kitanda cha kamba, mkeka, na dirisha dogo la mbao lililotazama uchochoro kati ya ukuta na uzio wa matete, ambako bata wa Shangazi walitagia. Asubuhi uji wa ulezi uliotiwa samli. Mchana wali na samaki, mgebuka mzima aliyeungwa kwa mawese hadi mchuzi ukawa mwekundu. Alasiri ndizi za kupika na maziwa. Magharibi ugali wa muhogo na paja la kuku. Kila kitu kilikuja kimefunikwa kwa kawa, na sheria ilikuwa kwamba chakula cha mwali hakigawanywi. Anayekula tonge la mwali, alisema Shangazi, amekula mwili wa mwali.

Kiunoni alinifunga uzi mweusi. Kila Ijumaa baada ya sala aliingia, akafunga mlango, akaniambia nisimame, akapenyeza kidole kati ya uzi na ngozi. Kikiingia kimoja kwa taabu, angeguna kwa kuridhika. Vikiingia viwili, angekaa kitandani na kunitazama kama mtu aliyeona ufa kwenye ukuta wa nyumba mpya. Msimcheke. Siku zile mtu akikonda alizikwa kwa midomo kabla hajafa. "Yule kakanyaga miwaya," wangesema, wasiutaje UKIMWI kwa jina, na basi, hata kama ni malaria ya wiki mbili, hakuna atakayekunywa maji kwenye kikombe chake. Shangazi alikuwa amemwona mdogo wake wa kike akikonda hadi mwisho, na watu waliokuja kumwona wakisimamia mlangoni. Unene kwake ulikuwa cheti. Mwali mnene maana yake nyumba safi, wazazi wanaoweza, damu isiyo na neno. Siku ya wanawake wa upande wa bwana harusi kuja kunitazama ilikuwa imepangwa, na Shangazi alitaka nisimame mbele yao mtu asipate la kusema.

Mimi sikutaka kusimama mbele yao hata kidogo. Lakini mtoto aliyelelewa na shangazi hasemi sitaki. Nikagundua kwamba neno hilo naweza kulisema kwa tumbo. Nikawa nakula matonge matatu manne, kisha nafungua dirisha taratibu na kuwamwagia bata. Wali, ndizi, mnofu wa mgebuka na mifupa yake, yote. Bata hawana maswali. Wiki ya tatu walikuwa wameshaijua sauti ya bawaba, wakawa wanajipanga chini ya dirisha kabla hata sahani haijaletwa. Wallahi, nilijiona shujaa. Nilikuwa nakataa ndoa bila kumvunjia mtu heshima, na uzi wangu ulikuwa ukilegea.

Sahani ililetwa na Spesioza. Shangazi alimtoa Kidahwe, kwenye shamba lake la michikichi, ambako wakimbizi walikuwa wakija kuomba kibarua cha kubeba mikungu ili wapewe chakula tu. Alikuwa rika langu, Mrundi, amepotezana na mama yake njiani, na alipoletwa shingo yake ilikuwa haijui kama itakibeba kichwa. Kiha na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo yeye na Shangazi walielewana tangu siku ya kwanza. "Mwakeye," Shangazi angemwamkia asubuhi, na Spesioza angejibu ameinamisha macho, mikono miwili mbele. Kiswahili alijifunzia chumbani kwangu. Alikuwa haruhusiwi kuwa nje ya kambi, na msako ulikuwa ukipita mara kwa mara, kwa hiyo hakutoka getini. Tulikuwa wawili tuliofungiwa nyumba moja. Alinisuka nywele, alinisugua mgongo kwa liwa, alinifundisha kuhesabu kwa Kirundi. Chakula chake alikila jikoni, wa mwisho. Mwali kwanza, kisha Shangazi na wageni wake, kisha yeye na ukoko wa ugali na mchuzi uliobaki chini ya sufuria. Hakuna aliyepanga kumnyima. Ndivyo sufuria zilivyokuwa zikiisha katika nyumba zetu zote, na samaki mzuri wa siku alikuwa ameshatangulia kwangu chini ya kawa. Niliyajua hayo. Nilikuwa namwona akila kupitia upenyo wa pazia, na haikunijia, hata siku moja, kwamba yule mgebuka angeweza kupita kwake badala ya dirishani. Chakula cha mwali kilikuwa hakigawanywi. Unaweza kuvunja sheria moja ya nyumba na nyingine ikabaki imesimama wima kichwani mwako, wala usione ajabu.

Baada ya miezi miwili hivi Spesioza akaanza kujaa. Miguu kwanza, halafu mashavu. Majirani waliokuja kumsaidia Shangazi kuchambua dagaa wakashangilia. "Loo! Huyu ndiye yule uliyemleta mifupa mitupu? Mkono wako una baraka, Bi Tausi." "Tazama mashavu!" Shangazi alimwita asimame katikati ya ua, akamgeuza huku na huku kwa fahari kama anayeonyesha kitenge kipya. "Mimi kwangu hakondi mtu," alisema. Spesioza alitabasamu kwa adabu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na nakumbuka nilimwonea wivu kidogo, ingawa nilikuwa najinyima kwa hiari yangu. Ndivyo tulivyolelewa: sifa ya mwili wa mwenzio inakuuma hata kama huutaki mwili huo.

Ijumaa iliyofuata vidole vitatu viliingia kwenye uzi wangu. Shangazi hakukaa kitandani. Alitoka, na nikasikia sauti yake jikoni, kwanza ya chini, kisha ya juu. "Sahani inatoka hapa imejaa, inarudi tupu. Mwali anakonda, wewe unavimba mashavu. Nieleze, maana mimi sikusoma hesabu." Spesioza akakana kwa Kirundi, "Oya, Mama. Sijala." "Hujala! Na hayo mashavu umeyaokota wapi? Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea. Nimekutoa njaani, nimekuficha na askari, nawe unamla mwanangu!" Spesioza akaapa. Aliapa kwa jina la mama yake, ambaye hakujua kama yu hai, kwamba chakula cha mwali hakijapita kinywani mwake. Shangazi akamwambia basi kuanzia leo samaki hutamgusa, mawese hutayagusa, utakula ugali na mboga za majani, na sahani ya mwali nitaipeleka mwenyewe hadi mlangoni.

Hatua sita, kutoka kitanda changu hadi jikoni. Nimezihesabu baadaye mara nyingi. Ningefunua pazia, ningesema Shangazi, ni mimi. Ningechapwa pengine, ningesimangwa hakika, na dirisha lingepigiliwa misumari, nami ningeolewa nimejaa. Nilikaa. Nilijiambia kwamba ugali na mboga si adhabu kubwa, kwamba ameshanenepa, hatadhurika. Hilo la pili nililiamini kabisa, na hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu sikuwa mjinga, nilikuwa nimesoma biolojia kidato cha nne na kufaulu mitihani ya darasani. Lakini macho yangu yalifundishwa kabla ya shule. Yaliona mashavu, yakasema ameshiba. Shangazi naye aliweka sahani mlangoni na kuondoka, kwa kuwa desturi haimruhusu mtu kumtazama mwali akila, na bata waliendelea kupata haki yao.

Spesioza akazidi kujaa. Wiki ya nne baada ya ugomvi ule macho yake yalikuwa mistari miwili, na viatu vya Shangazi vya plastiki, alivyokuwa akivaa uani, havikumwingia tena. Alitembea akishika ukuta. Shangazi aliona ukaidi. "Anaiba mahali," alisema, naye akaanza kufunga kabati la jikoni kwa kufuli. Nywele za Spesioza zilikuwa zimebadilika rangi, nyepesi kama za mtoto mchanga, na alipokuwa akinisuka vidole vilikuwa vikipumzika kichwani pangu katikati ya msuko. Nilimwuliza unaumwa? "Nimechoka tu, Zai," alisema. Nikalipokea jibu hilo haraka sana.

Alianguka mchana, akiwa anatwanga muhogo. Nilisikia mchi ukigonga sakafu, kisha kishindo kingine kizito, kisha Shangazi akiita jina langu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu niwekwe ndani. Nikatoka. Mwanga wa uani uliniuma macho. Spesioza alikuwa amelala ubavu, anapumua kwa shida, na Shangazi amepiga magoti anampepea kwa kanga. Chumba cha mbele cha nyumba yetu kilikuwa kimepangishwa kwa nesi kutoka Songea, aliyehamishiwa hospitali ya mkoa, mama mwembamba wa makamo ambaye Shangazi alikuwa akimsikitikia kwa wembamba wake. Siku ile alikuwa zamu ya usiku, yuko ndani amepumzika. Alikuja na kanga moja, hana viatu. Alimfunua Spesioza jicho, akatazama ndani ya kope, akashika nywele, kisha akaweka kidole gumba juu ya mguu, kwenye mfupa, akakandamiza, akahesabu, akaachia. Pakabaki shimo.

"Bi Tausi," alisema, "lete kidole chako." Nesi akamshika mkono, akaweka kidole gumba chake pale pembeni, akamwambia kandamiza. Shangazi akakandamiza. Alipokitoa, shimo la pili likabaki, kubwa kuliko la kwanza, na halikurudi. Tulilitazama wote watatu. "Umeona? Hii si nyama. Haya ni maji. Damu hana, na mwili hauna cha kujijengea. Huyu binti ana njaa." Shangazi akasema, "Njaa? Ebo! Kwangu?" Nesi akasema, kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele, "Kwako, dada yangu. Kwa muda mrefu."

Hapo ndipo nilipoufungua mdomo. Nilisema yote kwa mara moja, kama anayetapika: dirisha, bata, samaki, uzi. Nilisema hakula yeye, wala sikula mimi. Nilingoja kofi. Shangazi hakuninyanyulia mkono. Alinitazama, kisha akakitazama kidole gumba chake mwenyewe, kisha akaniambia, "Nenda kakoleze moto jikoni." Ndivyo nilivyotoka unyagoni, kama ni kutoka.

Nesi alimpeleka hospitali jioni ile ile, kwa teksi, akiwa amevishwa baibui la Shangazi. Kwenye daftari la mapokezi aliandikwa binti wa Tausi. Alilazwa siku kumi na moja. Aliporudi Shangazi alichinjisha bata wawili, akawatia supu, na akamlisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge, kwenye kitanda changu cha kamba. Mgebuka akaja, maharage yakaja, mayai yakaja, sasa bila kawa. Na kadiri alivyokula, Spesioza akakonda. Hili hatukuambiwa tulitarajie. Maji yalimtoka, na chini ya maji tukamwona alivyokuwa miezi yote ile: mashavu yalibonyea, mifupa ya bega ikatokeza, miguu ikabaki fito. Mtaa ukalipuka. "Si alikuwa amenona juzi? Bi Tausi kamfanya nini mtoto wa watu?" Wengine walisema amerogwa, wengine walisema yale ya miwaya. Wale wale waliosifu mkono wake wakawa wanapita getini polepole ili wachungulie.

Siku ya kutazamwa ikafika katikati ya hayo. Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa watano, wamejaa sebule, wananukia udi. Jirani mmoja alikuwa amemshauri Shangazi amfiche yule Mrundi, ampeleke shamba kwa siku mbili. Hakumpeleka. Spesioza ndiye aliyeleta sinia la vitumbua. Mkubwa wao akamtazama yeye, akanitazama mimi na shingo yangu, akauliza kwa sauti ya kujali, "Nyumba hii ina ugonjwa gani, Bi Tausi?" Kulikuwa na majibu mengi ya kujiokoa. Angeweza kusema ni mkimbizi, amekuja hivyo. Angeweza kunitaja mimi. Shangazi alijiweka sawa kwenye kiti chake, mwili wake ule mkubwa, akasema, "Ugonjwa ni wangu. Mtoto huyu alikuwa anakufa njaa jikoni kwangu, nami nikimsifu kwamba amenenepa. Karibuni vitumbua." Walikula kimoja kimoja. Baada ya wiki tukaletewa maneno kwamba kijana amepata safari. Shangazi hakuwahi kunilaumu kwa hilo, lakini hakunipima tena mkono maisha yake yote, na sikujua kwamba jambo kama hilo linaweza kukuacha mpweke.

Matokeo yangu yalipotoka nilipata nafasi ya chuo cha ualimu. Karibu siku hizo hizo habari zikaja kwamba mama yake Spesioza yuko kambini, hai. Nesi alimtafutia nafasi kwenye gari lililokuwa linapanda huko, na asubuhi ya kuondoka nilikaa naye kwenye mkeka tukimfungia vitu vyake, ambavyo vilienea kwenye kanga moja. Nilikuwa nimepanga maneno kwa siku nyingi. Nikamwambia anisamehe. Nikamwambia nilisikia yote siku ile kutoka chumbani, nikanyamaza, na chakula kilikuwa kwa bata.

"Niliona," alisema.

"Uliona nini?"

"Bata. Tangu mwanzo."

Nikamwuliza kwa nini hakusema, siku ile Shangazi alipokuwa akimfokea. Alifunga fundo la kanga, akalifungua, akalifunga tena. "Ningesema, ungepigwa. Tena Mama angeniuliza nilijuaje." Akainua macho. Mashavu yake yalikuwa yamerudi kidogo, ya kweli safari hii. "Nilikuwa nakwenda kule nyuma, Zai, kuwanyang'anya. Bata ni wepesi. Mara mbili tu niliwawahi. Kipande cha samaki, nikakiosha, nikala."

Nje gari lilipiga honi. Alisimama, kisha akanishika mkono kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akimwamkia Shangazi asubuhi, na nikaona kwamba alilokuwa nalo mdomoni ndilo lililokuwa likimsumbua, miezi yote ile, hospitalini na kitandani kwangu. "Niliapa kwa mama yangu kwamba sijala," alisema, "na nilikuwa nimekula. Naona haya kumwambia. Wewe umwambie Mama, shangazi yako, anisamehe."

Nikamwambia nitamwambia. Sikumwambia.